Kadi ya grafiki inapoanguka katikati ya kazi ya BOINC: mwongozo kamili kutoka meza ya fundi, Malindi

Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, inarudi, na pembeni unakuta ujumbe kwamba draiva ya skrini (programu inayoiongoza kadi) iliacha kuitikia na sasa imepona. Ukifungua BOINC, ile programu inayoazima kompyuta yako ifanye hesabu za sayansi, kazi iliyokuwa imefika asilimia 63 imeandikiwa "Computation error". Ukiiacha mashine usiku kucha, asubuhi orodha nzima imekufa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kupakua draiva mpya, mamia ya megabaiti za bando, na baada ya saa moja skrini inazima tena vilevile.

Nina meza ya ufundi hapa Malindi, nyuma ya saiba. Wanaotoa kompyuta zao bure zifanye hesabu za sayansi si wengi mjini, lakini kila anayeniletea mashine ya namna hii huja na neno moja: "Draiva mbovu." Nimefungua za kutosha kujua kwamba mara nyingi draiva ndiyo iliyopiga yowe tu, na mwizi ni mwingine. Basi mwongozo huu hauanzi na draiva. Draiva utaikuta mbele huko, baada ya joto na umeme, na nimeiweka huko makusudi.

Mteja aliyenifundisha mengi ni Maalim mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia anayekaa mtaa wa Barani. Yeye anaendesha Einstein@Home, mradi ulioanza mwaka 2005 wa kutafuta nyota za nyutroni (zile zinazopiga kwa mpigo huitwa pulsa) na mawimbi ya mvutano. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua na bili ya stima kwa ajili ya nyota, alinyoosha mkono upande wa Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini kule, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei za angani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru siku hiyo, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Mwaka uliofuata data zake zilionyesha kwamba chanzo kimoja cha eksirei, Centaurus X-3, kinapiga kama moyo, mpigo mmoja kila sekunde 4.8 hivi. "Mwanangu," Maalim akaniambia, "walirushia hapa kwetu. Na mimi nichangie japo kadi moja."

Kadi yenyewe ilikuwa inaanguka kila usiku. Tutairudia.

Kinachotokea skrini ikizima

Windows ina mlinzi wa ndani anayeitwa TDR. Kadi ya grafiki ikipewa kazi ikakaa zaidi ya sekunde 2 bila kuitikia, mlinzi huyu huamua imeganda, huizima draiva na kuiwasha upya bila kuzima kompyuta. Kwa filamu au mchezo wa vidio sekunde 2 ni muda mrefu sana, kwa sababu picha hubadilika makumi ya mara ndani ya sekunde moja. Lakini kipande kimoja cha hesabu za BOINC, kikiangukia kadi dhaifu, kinaweza kupita hapo kihalali kabisa. Kadi haijaganda, inahesabu. Mlinzi hajui hilo. Anaipiga teke, kumbukumbu ya kadi inafutika, na kazi iliyokuwa ndani inakwenda na maji. Hayo yakijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, Windows huacha kusamehe na kuleta skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE.

Sasa fikiria. Kadi inaweza kushindwa kuitikia kwa sababu kazi ni nzito, au imechemka, au umeme umeyumba, au chipu za kumbukumbu zimechoka, au kweli draiva ina kasoro. Ujumbe unaouona ni uleule mmoja kwa zote. Ndiyo maana kubahatisha kunakula bando na muda.

Hatua ya kwanza: simamisha hasara

Kabla hujagusa kitu, fungua BOINC Manager, nenda kwenye Activity, uchague "Suspend GPU". Halafu kwenye Projects, chagua mradi wako na ubofye "No new tasks". Kazi za prosesa ziache ziendelee, hazina neno.

Usipofanya hivyo kadi itaharibu kazi moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde chache. Seva ikiona kompyuta yako inarudisha makosa matupu huipunguzia mgawo wa siku, na hata ukishatengeneza utakaa unasubiri kazi kama mtu aliyefungiwa duka. Sayansi yenyewe haipotei, kipande kilichoharibika hutumwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya pili: daftari na kalamu

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayotengeneza mashine.

Ndani ya BOINC bonyeza Ctrl+Shift+E. Dirisha la kumbukumbu za matukio litafunguka. Panda hadi mistari ya mwanzo kabisa, ile iliyoandikwa BOINC ilipowaka. Unatafuta mstari unaotaja kadi yako, toleo la draiva na maneno CUDA au OpenCL, yaani njia za kuipa kadi hesabu. Ukiukuta, BOINC na kadi wanajuana. Ukikuta "No usable GPUs found", shida yako si kuanguka, ni kutoonekana: ama draiva haikuja na sehemu ya OpenCL, ama BOINC ilisakinishwa kwenye Windows kama huduma ya mfumo, na ikisakinishwa hivyo haifiki kwenye kadi. Kwenye Linux sababu ya kawaida ni kwamba mtumiaji anayeitwa boinc hajatiwa kwenye makundi yanayoruhusiwa kugusa kadi. Amri ni hii, kisha uwashe mashine upya:

sudo usermod -aG video,render boinc

Halafu fungua Event Viewer ya Windows, ingia Windows Logs, kisha System. Hapa ndipo ushahidi ulipo. Tafuta namba hizi.

Namba 4101 kutoka kwa Display ni TDR yenyewe: draiva iliacha kuitikia ikafufuliwa. Kwa kadi za NVIDIA jina litakuwa nvlddmkm, kwa AMD litaanza na amd. Ukiona namba 41 ya Kernel-Power, hiyo ni habari nyingine kabisa: mashine nzima ilizimika bila kuaga, na hapo usipoteze hata dakika kwenye draiva, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya umeme. Ukiona WHEA-Logger, chuma kinalalamika chenyewe, mara nyingi pale kadi inapochomekwa.

Walio na Linux watumie amri hii kusoma yaliyotokea kabla ya mashine kuzimika mara ya mwisho:

journalctl -k -b -1 | grep -iE "xid|amdgpu"

Kadi za NVIDIA huandika neno Xid na namba. Namba 79 maana yake kadi imetoweka kabisa machoni pa mfumo, na mara nyingi mkosaji ni umeme, joto au mguso mbaya. Namba 13 na 31 zinaelekea zaidi kwenye programu yenyewe au kumbukumbu ya kadi. Kwa AMD tafuta mstari wenye "ring" na "timeout".

Sasa andika. Kila tukio kwenye mstari wake: tarehe, saa, ilikuwa inafanya nini, kulikuwa na joto kiasi gani, nani alikuwa anatumia mashine. Siku tatu zinatosha. Maalim aliniletea ukurasa mzima kwa mwandiko wa ubaoni, na ukurasa ule ulisema kila kitu. Windows ilikuwa imeandika 19:14, 19:52, 20:31, siku ya pili 19:20, siku ya tatu 20:05. Yaani kati ya saa moja na saa tatu usiku, siku zote. Mchana kwenye jua la kaskazi mashine haikuanguka hata mara moja. Kama ingekuwa joto, ingeanguka saa nane mchana.

Kadi inayoanguka sekunde chache tu baada ya kazi kuanza, kila mara, ina tatizo la draiva au uzito wa kazi. Inayoanguka baada ya dakika kumi au ishirini imechemka. Ikianguka mtu anapofungua vidio au kivinjari, kuna kugombania kadi. Baada ya kompyuta kuamka usingizini: usingizi wenyewe ndio wa kulaumiwa, maana kadi nyingi hazirudi vizuri kwenye hesabu baada ya kulala, basi izuie mashine kulala na uzime "Fast startup". Na kama hakuna mpangilio wowote, leo mara moja, kesho mara sita, shuku umeme kwanza na kumbukumbu ya kadi baadaye.

Hatua ya tatu: joto, vumbi na chumvi

Miongozo mingi ya mitandaoni imeandikwa na watu wanaokaa penye baridi. Wanakuambia kadi ikifika nyuzi 80 fungua dirisha. Hapa wakati wa kaskazi ukifungua dirisha unaingiza nyuzi 32 na chumvi juu yake.

Weka programu ya kupima, GPU-Z au HWiNFO, uache ionekane, kisha ruhusu kazi moja ya BOINC. Kaa hapo dakika kumi na tano unywe chai. Kadi nyingi za NVIDIA za miaka ya karibuni huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83. Ikisimama kwenye 70 na kitu, joto si tatizo lako, endelea mbele. Ikipanda bila kusimama hadi ikaanguka, umeshampata mkosaji.

Zima, chomoa waya ukutani, toa kadi. Usiwe na haraka hapa. Mashine ya pwani ikishakaa miaka miwili ina vumbi la namna yake: si lile kavu linalopulizika, ni utando laini ulioshika unyevu, rangi ya majivu, umeng'ang'ania mabawa ya feni kama masizi ya jikoni. Sababu ni chumvi, inavuta maji hewani na kugeuza vumbi kuwa uji. Upepo peke yake hauutoi. Tumia brashi laini, mswaki mpya unatosha, kisha bloa. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibu beringi. Na tafadhali usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa yao inatema maji.

Tazama meno ya dhahabu ya kadi, pale inapochomeka. Yakiwa na madoa meusi au ya kijani, yasugue taratibu kwa ufutio safi wa penseli, kisha uyapanguse kwa spiriti isiyoacha mabaki. Nimeshafufua kadi mbili kwa ufutio wa mtoto wa shule. Tazama pia parafujo. Parafujo zikiwa na kutu, ujue na ndani kutu imefika.

Pesti ya joto iliyo kati ya chipu na chuma cha kupoozea hukauka ikawa kama chokaa. Kadi ikiwa na miaka minne au zaidi, ibadilishe. Kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha. Kama hujawahi kufungua kadi, mpe fundi, maana vile vipande vya mpira laini juu ya chipu za kumbukumbu vikichanika ukavirudisha vibaya, utakuwa umenunua shida mpya.

Halafu ipunguzie kadi mzigo. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote humu, kwa sababu halina gharama. Kwa MSI Afterburner shusha "Power Limit" hadi asilimia 70. Kasi ya hesabu inapungua kidogo, lakini joto linashuka sana na bili ya stima pia. Kwenye Linux na NVIDIA amri ni nvidia-smi -pl ikifuatiwa na idadi ya wati, ingawa kadi nyingine hukataa kushuka chini ya kiwango fulani. Kazi ya BOINC haina mshindani. Kadi inayotambaa siku nzima bila kuanguka inazalisha zaidi ya inayokimbia na kufa.

Hatua ya nne: umeme

Kompyuta nyingi za mezani tunazouziwa ni mitumba ya maofisini Ulaya, zile watu wanaziita eksi-UK. Ni mashine nzuri, chuma kizito, lakini pawa saplai yake ni ndogo, mara nyingi wati 240 au 290, kwa sababu ofisini hakuna aliyefikiria kuitia kadi ya grafiki. Soketi ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75 tu. Kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi hula wati 75, zinatosha hapo bila waya wa ziada. GTX 1060 inakula 120, RX 580 inakula 185. Waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150.

Kwenye mchezo mzigo unapanda na kushuka, kadi inapata nafasi ya kupumua. BOINC haipumziki. Inakandamiza saa baada ya saa, na prosesa nayo inahesabu upande wa pili. Pawa saplai iliyokuwa inastahimili mchezo inaanza kuyumba.

Nilifungua mashine ya Maalim. Pawa saplai wati 240. Kadi ya mtumba ya wati 120 kutoka duka moja la Mombasa, na kwa kuwa mashine haikuwa na waya wa pini 6, muuzaji alimpa kiunganishi kinachochota umeme kwenye waya mwembamba wa diski. Plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja. Na ndani ya pawa saplai yenyewe, nilipochungulia kwa tochi kupitia matundu ya feni, alikuwamo mjusi kafiri, amekauka kama ng'onda, mkia umegusa koili. Maalim alichungulia, akavua miwani, akasema, "Huyu naye alikuwa anatafuta pulsa." Pawa saplai usiifungue mwenyewe, ndani yake kapasita hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Mjusi akiwamo, badilisha nzima.

Lakini kwa nini saa moja hadi saa tatu usiku? Niliazima mita, tukapima ukutani kwake. Mchana volti zilikuwa karibu 240. Saa moja na nusu usiku, mtaa mzima umewasha taa, feni, pasi na majiko ya umeme, zilikuwa zinashuka na kurukaruka. Pawa saplai yenye nguvu inameza mtikisiko wa namna hiyo. Ile dhaifu, iliyobanwa hadi ukomo, inashindwa, volti 12 zinazokwenda kwenye kadi zinazama kwa chembe ya sekunde, kadi inapotea, na draiva inaandikwa jina.

Tiba ilikuwa tatu kwa pamoja: pawa saplai ya wati 500 yenye nyaya zake kamili, UPS yenye stabilaiza ndani, na "Power Limit" asilimia 75. Ukinunua pawa saplai, ipime kwa mkono. Nyepesi kama sanduku tupu, irudishe, hata kama kibandiko kinasema wati 600. Na kwenye mashine za eksi-UK angalia kwanza umbo la plagi inayoingia kwenye bodi, nyingi si ya kawaida na utahitaji waya wa kuunganishia.

Kama huna uwezo wa UPS sasa hivi, kuna njia ya bure. Kwenye BOINC, Options, "Computing preferences", ukurasa wa ratiba, weka saa za kufanya kazi kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani 23:00 hadi 06:00. Mtaa umelala, volti zimetulia, na chumba kimepoa.

Hatua ya tano: sasa draiva

Ukifika hapa na joto ni sawa, umeme ni sawa, na bado inaanguka, ndiyo haki ya kuigusa draiva.

Usisakinishe mpya juu ya ya zamani. Pakua draiva kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, usiku bando likiwa nafuu, na uitunze kwenye flashi kwa sababu utaihitaji tena. Pakua pia programu inayoitwa Display Driver Uninstaller, DDU. Funga BOINC kabisa, si dirisha tu, chagua na kazi zisimame. Chomoa intaneti. Hili ni la lazima: ukifuta draiva mtandao ukiwa umeunganishwa, Windows itakimbilia kujiwekea draiva yake kabla hujageuka, na hiyo isiwe unayoitaka. Washa mashine kwa hali salama, endesha DDU, chagua kusafisha na kuwasha upya. Ikirudi, skrini itakuwa na picha kubwa mbaya, usishtuke. Sakinisha draiva kutoka kwenye flashi, washa upya, ndipo urudishe intaneti. BOINC huitazama kadi mara moja tu inapowaka, kwa hiyo ukibadilisha draiva BOINC ikiwa wazi haitaiona hadi uifunge na kuifungua.

Toleo jipya kabisa si lazima liwe bora. Mashine ikianza kuanguka wiki ileile draiva ilipojibadilisha, rudi kwenye la zamani ulilokuwa umetulia nalo. Kwenye laptopu zenye kadi mbili, ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa huweza kuleta makosa yake peke yake. Izuie BOINC isiitumie kadi hiyo kwa kuandika faili liitwalo cc_config.xml ndani ya folda C:\ProgramData\BOINC, hivi:

<cc_config>
<options>
<ignore_intel_dev>0</ignore_intel_dev>
</options>
</cc_config>

Sifuri hapo ni namba ya kadi, ya kwanza huhesabiwa sifuri. Folda ya ProgramData imefichwa, iandike mwenyewe juu kwenye sehemu ya anwani.

Hatua ya sita: kumwongezea mlinzi subira

Dawa hii wengi huianza kwanza, mimi naiweka karibu na mwisho kwa sababu inaweza kufunika ugonjwa. Ni ya yule ambaye kadi yake ni nzima ila ndogo, na kazi inachukua zaidi ya sekunde 2 kuitikia.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika regedit. Nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, GraphicsDrivers. Kabla ya lolote, hifadhi nakala ya sehemu hiyo kwa "Export". Bofya kulia penye nafasi tupu upande wa kulia, tengeneza thamani ya DWORD ya biti 32, uiite TdrDelay, herufi kwa herufi. Ifungue, chagua "Decimal", andika 8. Washa upya.

Usiandike 60. Kadi ikiganda kweli utakaa dakika nzima mbele ya skrini iliyokufa. Na TdrLevel usiiguse, hata ukikuta mtu anakuambia uiweke sifuri. Hiyo ni kumfukuza mlinzi kazi. Linux haina mlinzi huyu wa Windows, kwa hiyo hatua hii haiwahusu walio na Linux.

Hatua ya saba: adabu ndani ya BOINC

Kama wewe au watoto mnatumia kompyuta hiyohiyo, kwenye "Computing preferences" weka alama ya kusimamisha kadi kompyuta inapotumika. Kugombania kadi kati ya vidio na hesabu ni chanzo kikubwa, na tiba yake ni alama moja tu.

Acha kiini kimoja cha prosesa bure. Kazi za kadi zinahitaji prosesa ya kuzilisha data, viini vyote vikiwa vimeshikwa kadi inasubiri na kusitasita. Prosesa yenye viini vinne, weka asilimia 75.

Na endesha kazi moja kwa wakati. Einstein@Home ina kipimo kwenye mipangilio ya tovuti yake kinachoitwa "GPU utilization factor". Kikiwa 1 kadi inapewa kazi moja, kikiwa 0.5 inapewa mbili. Kuna watu husikia kwamba mbili huleta alama zaidi, wakabadilisha, wakasahau. Nimekuta hilo mara kadhaa kwenye kadi zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Rudisha 1.

Kadi iliyotoka mgodini

Kadi nyingi za mtumba sokoni zilikuwa zinachimba sarafu za kidijitali. Kuchoka si tatizo kubwa sana. Tatizo ni kwamba wachimbaji walikuwa wakibadilisha programu ya ndani ya kadi, BIOS, ili kumbukumbu ikimbie kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Kwa uchimbaji kosa dogo la hesabu lilisameheka. Kwa BOINC halisameheki: matokeo yako hulinganishwa na ya mtu mwingine, na yasipolingana hutupwa.

Dalili yake ni hii: joto zuri, umeme mzuri, draiva safi, na bado kazi zinakataliwa au kadi inaanguka bila saa maalumu. Jaribu kushusha kasi ya kumbukumbu kwa Afterburner, megahezi 200 kwa kuanzia. Ikitulia, umejua. Kisha mtafute fundi anayeweza kurudisha BIOS ya kiwandani, na ahakikishe inalingana na kadi hiyo hasa, mpaka aina ya chipu za kumbukumbu, ikikosewa kadi inakuwa kipande cha bati.

Kujaribu kabla ya kuamini

Usirudishe kila kitu kwa pamoja. Ruhusu kazi moja ya kadi, prosesa ikiwa imesimama. Ikimalizika salama, ongeza kazi za prosesa. Iache usiku mmoja, kisha mchana mmoja, kisha mruhusu mtu afungue vidio juu yake. Kwenye ukurasa wa kazi zako katika tovuti ya mradi, subiri neno "Valid". Kumalizika bila kosa hakutoshi, mpaka yathibitishwe. Ukishaona kumi za namna hiyo mfululizo, ondoa "No new tasks".

Ikishindikana kabisa, kadi ipumzishe na uichangie prosesa. Rosetta@home hufanya kazi kwa prosesa peke yake. Wako na wanaoingia BOINC kwa sababu waliwahi kusikia habari za MalariaControl.net, iliyokuwa ikipiga hesabu za namna malaria inavyosambaa Afrika. Ile ilishafungwa, nayo ilikuwa ya prosesa tu.

Mashine ya Maalim ilirudi Barani na pawa saplai mpya na wavu wa mbu uliokatwa kwa mkasi, umebandikwa nyuma penye matundu ili wajusi wengine wasiingie. Wavu ule unaziba vumbi pia, kwa hiyo lazima uoshwe kila mwezi, na nimemwandikia hilo kwa kalamu ya rangi juu ya sanduku. Juzi alinipigia saa mbili usiku. Nikadhani imeanguka tena. Alitaka tu kuniambia volti zimeshuka mpaka taa zinapepesa, na kazi iko asilimia 88.